Je, wajua kwa nini Uza alikufa kwa kulizuia Sanduku la Agano lisianguke?

Kisa kimo katika 2 Samweli 6. Mfalme Daudi analipeleka Sanduku hilo, lililohifadhi mbao za Amri Kumi, Yerusalemu kwa gari jipya la ng'ombe. Walipofika kwenye kiwanja cha kupuria cha Nakoni ng'ombe wanakunguwaa, Uza ananyosha mkono kulishika, naye anakufa papo hapo.

Kwa miaka mingi nilidhani jibu ni rahisi: mikono ya Uza ilikuwa na dhambi, na kitu kitakatifu hakimvumilii mwenye dhambi. Kosa hilo lina mzizi katika lugha yetu wenyewe. Neno «takatifu» limetokana na kutakata, yaani kuwa safi, kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili husikia usafi kabla hajasikia lolote jingine. Kiebrania hutumia mzizi k-d-sh, ule ule unaosikika katika Baitul Mukadas, ambao kwa kawaida hufafanuliwa kwa wazo la kutengwa, ingawa asili yake ya kale kabisa ingali inabishaniwa. Walawi 10:10 inawaagiza makuhani wapambanue jozi mbili, si moja: kitakatifu na cha kawaida, najisi na safi. Kinyume cha kitakatifu, basi, si kichafu wala kiovu, bali ni cha kila siku. Chungu kilichosuguliwa kikang'aa ni safi, lakini hakijawa kitakatifu. Ajabu zaidi ni Ezekieli 44:19, panapowataka makuhani wavue mavazi ya huduma kabla ya kutoka kwa watu, wasije wakawatakasa kwa mavazi hayo. Kama utakatifu ungekuwa wema tu, nani angehangaika kuuzuia usienee?

Katika maandiko hayo utakatifu unafanana zaidi na kaa la moto. Kaa haliichukii ngozi ya mpishi, wala haliulizi kama aliyelishika alikuwa na nia njema. Na mpishi anayelihitaji haachi kulihamisha, bali hutafuta koleo. Koleo la Sanduku lilikuwa ile miti miwili ya mshita ambayo Kutoka 25:15 inakataza isiondolewe kamwe katika vikuku vyake. Tena, kwa mujibu wa Hesabu 4, kambi ilipohama Haruni na wanawe waliingia kwanza, wakalifunika Sanduku kwa pazia, wakaongeza ngozi (tafsiri iliyozoeleka ya Kiswahili inasema ya pomboo, mnyama wa kushangaza kumkuta jangwani, kwa sababu maana ya neno lenyewe haina hakika), kisha nguo ya samawi, ndipo Wakohathi, ukoo wa Walawi waliokabidhiwa vyombo vitakatifu, walipoitwa kubeba. Mlango huo, ambao zamani niliuona kama orodha kavu ya mizigo, unataja sababu yake waziwazi: wapate kuishi, wasife. Masharti yaliyoonekana makali yalikuwa ulinzi wa wachukuzi. Hata magari sita yalipogawanywa katika Hesabu 7, koo nyingine za Walawi ndizo zilizoyapata, Wagershoni mawili na Wamerari manne, na Wakohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa mzigo wao ulikuwa wa mabegani.

Mfano wa kaa, hata hivyo, una mpaka. Kaa halina hasira, ilhali 2 Samweli inasema hasira ya Bwana iliwaka juu ya Uza, na Daudi mwenyewe alichukizwa kisha akaogopa. Wala kitabu hicho hakilitaji gari kuwa ndilo kosa; maelezo kwamba Walawi walipaswa kulibeba yamo katika 1 Mambo ya Nyakati 15, kitabu kilichoandikwa baadaye.

Sanduku lilipelekwa nyumbani kwa Obed-edomu Mgiti (yaani mtu wa Gathi), likakaa miezi 3, na nyumba yake yote ikabarikiwa, bila kutajwa hata mmoja aliyedhurika. Daudi alipolifuata tena, halikupandishwa garini. 1 Mambo ya Nyakati 15:24 inamtaja Obed-edomu miongoni mwa mabawabu wa Sanduku, ingawa kama ni yule yule Mgiti, wafafanuzi hawajakubaliana.