Mkeka wa mechi 63: ninavyoendesha shindano la bure la kutabiri kikapu cha vyuo

Jumapili moja ya katikati ya Machi, kila mwaka, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, hutangaza timu 68 za wanaume za mpira wa kikapu wa vyuo zitakazoingia kwenye mtoano. Tangu usiku huo simu yangu hailali. Nina miaka kadhaa sasa naendesha shindano la kutabiri mtoano huo kwa Waswahili wenzangu, bila kiingilio, na zawadi zipo. Wengi mmeniuliza namna ya kuanzisha la kwenu kazini, msikitini au kanisani, basi leo nayaweka yote hapa.

Kwa asiyejua, braketi ni mchoro wa mtoano. Timu nane huchuana kwanza Jumanne na Jumatano kule Dayton, Ohio, nne zinatoka, zinabaki 64. Hizo hupangwa katika kanda nne, kila kanda ikiwa na namba 1 hadi 16, namba 1 ndiyo inayohesabiwa bora na 16 ndiyo mnyonge, na namba 1 huanza na namba 16. Wewe unajaza mshindi wa kila mechi, zote 63, mpaka bingwa, kabla mpira wa Alhamisi haujarushwa. Ni mkeka, ila hauna hela ya mtu ndani, na mechi moja ikiharibika bado unaendelea kuokota pointi kwenye nyingine. Kupatia zote 63 usikuwekee matumaini: njia za kuijaza braketi ni 9,223,372,036,854,775,808. Mwaka 2014 bilionea Warren Buffett alidhamini zawadi ya dola bilioni moja kwa atakayepatia zote. Hela ile haikutoka.

Sisi Watanzania wengi tuliingia kwenye mambo haya mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipofika nusu fainali na timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Wazee waliokuwa hawajui hata mpira wa kikapu una wachezaji wangapi walikesha mbele ya televisheni. Shindano langu linataka furaha ile irudi kila Machi, bila mtu kupoteza hata senti.

Kwa hiyo neno "bure" ninalichukulia kwa uzito. Sheria za Marekani, kwa ujumla, huangalia mambo matatu: zawadi, bahati na malipo. Yakikutana yote, umeshafungua bahati nasibu. Ukiondoa malipo unapumua, lakini yaondoe kweli. Ukisema kushiriki ni bure ila lazima mtu anunue sahani ya pilau ya harambee, pilau hiyo ndiyo kiingilio. Zawadi zangu zinatoka mfukoni kwangu na kwa wenye maduka wawili watatu wanaojitolea. Ndugu walioko Afrika Mashariki wanacheza kwa heshima tu, zawadi hawapokei, kwa sababu kila nchi ina sheria zake na mimi nafuata za hapa. Na shindano lipe jina lako mwenyewe. "March Madness" na "Final Four" ni alama za biashara za NCAA, nao huzilinda.

Sasa saa. Mwaka wa kwanza niliandika "mwisho wa kujaza ni Alhamisi saa 6", nikalala usingizi mzuri. Nilimaanisha saa sita mchana. Vijana waliokulia huku wakaielewa kwa saa ya Kizungu, wakaleta braketi zao jioni, mechi kadhaa zikiwa zimeshachezwa. Ndugu wa Dar wao wakahesabu saa sita mchana ya kwao, wakaharakishana bure. Nikalazimika kuzikataa braketi za watoto wa watu niliowapenda, na iliniuma, maana kosa lilikuwa langu. Siku hizi naandika hivi: saa 6:00 mchana New York, saa 5:00 asubuhi Minneapolis, saa 12:00 jioni Kigali na Lubumbashi, saa 1:00 usiku Dar na Nairobi, saa 2:00 usiku Muscat. Kumbuka pia kwamba Marekani husogeza saa mbele mwezi huohuo wa Machi, hivyo tofauti ya New York na Dar inapungua kutoka saa nane hadi saba. Tumia mtandao unaojifunga wenyewe muda ukifika, kama wa ESPN. Usipokee braketi kwa WhatsApp hata akiomba shemeji yako.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni pointi. Mfumo uliozoeleka ni 1, 2, 4, 8, 16, 32: kila raundi thamani inaongezeka mara mbili. Jumla ni 192, na bingwa wako peke yake, akishinda njia nzima, anakuletea 63. Karibu theluthi moja ya shindano imeegemea timu moja. Machi 2018 Virginia, waliopangwa wa kwanza kuliko wote, walichapwa 74-54 na UMBC, timu namba 16, siku ya pili tu. Fikiria aliyewapa ubingwa: wiki mbili na nusu zimebaki, naye hana sababu ya kufungua jedwali. Ninachotaka ni mtu huyo abaki nasi. Kwa hiyo natumia 2, 3, 5, 8, 13, 21. Jumla inakuwa 231, njia ya bingwa 52, chini ya robo.

Niliwahi kuongeza nyongeza ya maajabu: ukipatia mnyonge kushinda, unapewa tofauti ya namba zao. Wajanja wakapiga hesabu. Namba 12 humfunga namba 5 zaidi kidogo ya mara moja katika tatu. Kwa nyongeza ya 7 juu ya 2, kumchagua 12 kila mara kulilipa zaidi ya mara mbili ya kumchagua 5. Watu wakaacha kutazama timu, wakawa wanajaza wanyonge watupu. Sasa nyongeza ni pointi 1 tu, na anayemchagua mnyonge ni yule anayemwamini kweli.

Andika pia mapema mechi isipochezwa itakuwaje. Mwaka 2021 timu ya VCU waliondolewa kwa sababu za corona na Oregon wakapita bila kucheza. Kwangu anayepita ndiye mshindi. Washiriki wakilingana pointi, ashinde aliyekaribia kutabiri jumla ya mabao ya fainali, kama ile 128 ya Florida na Houston mwaka 2025. Wakilingana tena, aliyejaza mapema.

Zawadi nimezigawa: mshindi wa jumla, anayeongoza baada ya wikiendi ya kwanza, na anayefanya vizuri zaidi kati ya wale ambao bingwa wao ametoka mapema. Hiyo ya tatu ndiyo inayogombewa kwa kelele zaidi. Fainali huchezwa Jumatatu usiku, Dar ikiwa ni alfajiri ya Jumanne, na jedwali la mwisho nalituma kabla sijalala, ili wa kule walikute wanapoamka.