Mtaa wenye jina ni mtaa wa namna gani?

Ukisikia mtu anaonywa "kule usitoe simu njiani", tayari umekutana na mtaa wenye jina. Ni sehemu ya mji ambayo watu wasiokaa humo wameshakubaliana kuwa ni ya hatari, na makubaliano hayo yakawa na nguvu kuliko yanayotokea humo siku hadi siku. Hapa pana mambo mawili. La kwanza ni hatari yenyewe, yaani uwezekano wa mtu fulani kuporwa au kuumizwa mahali fulani, saa fulani. La pili ni jina, yaani yale yanayosemwa juu ya mtaa mzima, kona zote, usiku na mchana. Hatari hupanda na kushuka. Jina likishashika huweza kubaki miaka mingi baada ya genge lililolileta kusambaratika.

Majina mengi ya namna hii Afrika Mashariki yalianzia kwenye ramani. Dar es Salaam chini ya Waingereza iligawanywa kanda tatu kwa viwango vya ujenzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kwenye karatasi sheria ilisema habari za aina ya majengo, lakini kilichotengwa ni watu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na mjini. Neno uswahilini, ambalo leo vijana wanalikata kuwa uswazi, limetoka huko, na bado linabeba tuhuma ndogo ndani yake: kelele, msongamano, vibaka.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na Waafrika wengi wakapangiwa upande wa mashariki huku vilima vya magharibi vikichukuliwa na Wazungu. Mathare, iliyokua kando ya mto na machimbo ya mawe, ilihesabiwa kuwa maficho ya Mau Mau wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliendesha Operesheni Anvil na kukamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru mjini humo. Kwa hiyo Mathare ilikuwa na faili la mahali pa kusakwa kabla wengi wa wakazi wake wa sasa hawajazaliwa. Anayedhani sifa yake ilitokana na magenge ya juzi anaanza kusoma kitabu katikati.

Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, inafundisha jambo jingine: namna takwimu zinavyolishwa na jina. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa waliokaa hapo mwanzo walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni na familia zao. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, pengine zaidi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Unaweza kubishana na sensa, maana vyumba vya kupanga ni vigumu kuhesabu, lakini huwezi kubishana ukafika milioni. Idadi ile ilidumu kwa sababu ilimfaa kila mtu: mwanasiasa alitaka kura nyingi, aliyetafuta ufadhili alitaka wahitaji wengi, mwandishi alitaka kichwa cha habari. Na kuna kichekesho. Ukigawanya matukio yale yale ya uhalifu kwa watu milioni, Kibera inaonekana salama zaidi kuliko ukigawanya kwa laki moja na sabini. Waliolikuza jina hawakupiga hesabu hiyo.

Hesabu za uhalifu kwa mtaa huharibikia hasa kwenye kigawanyo. Chukua mfano wa kubuni: katikati ya jiji wanalala watu 5,000, lakini mchana wanapita 200,000. Yakitokea matukio 100 ya wizi, kwa kila watu 1,000 wanaolala hapo ni matukio 20. Kwa kila 1,000 wanaopita ni nusu tukio. Mtaa ni ule ule. Halafu kuna yasiyoandikwa. Aliyeporwa simu kuukuu haendi kupoteza nusu siku kituoni ili aandikwe kwenye kitabu cha matukio. Aliyepigwa hulazimika kufika kituoni kwa kuwa anahitaji fomu ya polisi, P3 kwa Kenya au PF3 kwa Tanzania, kwa ajili ya hospitali na kesi. Ndiyo maana kipigo chenye jeraha kina nafasi kubwa ya kuonekana kwenye vitabu kuliko uporaji wa kawaida, ingawa uporaji ndio watu wanaoogopa kila jioni.

Kosa kubwa zaidi ni kuupaka mtaa wote rangi moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu simu zilizopigwa polisi jijini Minneapolis, Marekani, ulionyesha kwamba takriban asilimia 3 ya anwani ndizo zilizotoa nusu ya simu zote. Wakazi wa mitaa yenye jina hawahitaji utafiti kulijua hilo. Watakutajia kichochoro, daraja, upande wa nyuma wa baa fulani, na kituo ambacho abiria wa mwisho hushuka gizani. Mita hamsini kutoka hapo mama anakaanga samaki mpaka saa nne usiku bila wasiwasi. Hatari hukaa mahali penye mambo matatu kwa pamoja: watu wenye kitu cha kuporwa, njia nyepesi ya kutorokea, na hakuna jicho linaloangalia. Ondoa moja tu na kona hupoa. Taa ndefu za mlingoti, ambazo Nairobi huitwa mulika mwizi, hufanya kazi kwa sababu hii. Na kwa sababu hiyo hiyo zikizimika kona hurudi hali yake usiku huo huo. Nyuma ya safu ya mabati, mahali mwanga usipofika, hazisaidii kitu.

Sasa, jina linalipiwa na nani? Linalipiwa na mkazi, kidogo kidogo. Dereva wa teksi anakataa safari au anaongeza nauli. Mwenye duka anaweka nondo dirishani, na gharama ya nondo inaingia kwenye bei ya unga. Kijana anayeomba kazi anafikiri mara mbili aandike anakaa wapi. Mpaka uchaguzi wa mwaka 2013, Kibera ilikuwa ndani ya jimbo la Lang'ata, kwa hiyo mtu aliweza kuandika Lang'ata bila kusema uongo. Jimbo la Kibra, lenye Kibera ndani yake, lilipoanzishwa, hata huo mlango mdogo ukafungwa.

Gharama nzito iko upande wa polisi. Mtaa wenye jina hupata msako badala ya upelelezi: wanakuja na malori, wanakusanya vijana waliokutwa maskani, wengi wanaachiwa asubuhi au baada ya fedha kubadilisha mikono. Aliyekamatwa bila kosa harudi kesho kumpa polisi habari za mwizi anayemjua. Habari zikikauka kesi hazifiki mahakamani. Kesi zisipofika watu hujichukulia sheria mkononi, tairi na petroli. Kisa hicho kikiingia gazetini jina linapata chakula kipya. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja. Hapa linakuja kwa sababu limesemwa.

Eastleigh, mtaa wa biashara jijini Nairobi, ilipitia yote hayo na bado haikufuata njia hiyo mpaka mwisho. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi na wafanyabiashara walihamia hapo, na nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge ikageuzwa vyumba vya maduka. Mwaka 2014, katika Operesheni Usalama Watch, msako wa polisi uliofuata mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Jina la ugaidi likashika. Hata hivyo wanunuzi wa jumla waliendelea kuja kwa sababu bei ya nguo iliwavuta kuliko jina lilivyowasukuma. Kwingineko, ambako hakuna bidhaa ya kuwavuta wageni, jina halina mpinzani. Hapo ndipo Eastleigh na Mathare, majirani kabisa, zinapoachana.

Anayetaka kupanga chumba au kufungua kibanda katika mtaa wa aina hii asiulize "pana usalama?" Jibu litakuwa ndiyo au hapana, na yote mawili hayamsaidii. Aulize wapi, saa ngapi, na nani anayeporwa: mgeni, mlevi, au hata mkazi anayefahamika? Aulize wakala wa pesa za simu anafunga saa ngapi, maana huyo anakaa na fedha taslimu na saa yake ya kufunga haina siasa. Aulize kama kuna mchango wa mlinzi wa usiku, ni kiasi gani kwa mwezi, na ni nani anaukusanya. Wakati mwingine mkusanyaji ndiye unayelindwa dhidi yake. Mwenyekiti wa mtaa au mzee wa nyumba kumi atampa picha ya jumla, ila huyo naye ana jina la kutetea. Wauza chapati na uji wanaoanza kuwasha moto saa kumi alfajiri ndio wa kuulizwa mwisho: wanajua njia ipi wanapita wakiwa peke yao na ipi wanangoja wawe watatu.