Kidonda cha Mguu kwa Mwenye Kisukari: Tiba Mpya Zipo, ila Usikikanyagie

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki na kidonda cha mguu hutuuliza kama ile dawa mpya waliyoiona kwenye simu imeshafika Mwanza. Tiba mpya zipo kweli. Lakini hakuna inayoweza kuponya kidonda kinachokanyagiwa kutwa nzima.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu na mguu ukafa ganzi. Mchuuzi wa samaki pale Mwaloni Kirumba anaweza kuchomwa na mwiba wa gogogo alfajiri, akauza mpaka jioni asisikie chochote. Mishipa ya damu nayo huwa imebana, kwa hiyo damu inayopaswa kuleta oksijeni na kupigana na vijidudu inafika kidogo. Ndivyo mchubuko unavyogeuka donda ndugu.

Tiba ninayoithamini kuliko zote wala haina jina la kuvutia: ni kuuondolea mguu uzito. Kwa kidonda cha wayo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unatanguliza kifaa kinachofika karibu na goti na ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe, kwa mfano POP (plasta ngumu kama ya mguu uliovunjika) iliyofungwa kitaalamu. Kutovulika ndiko kunakosaidia, maana mguu wenye ganzi hauumi, na asiyeumia hutembea tu. Vidonda vingi hufunga ndani ya wiki 6 hadi 12. Mwenye usaha mwingi au damu isiyofika vizuri hafungwi hivyo; hutibiwa hayo kwanza.

Sasa hizo mpya. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya kuhusu bandeji yenye dawa iitwayo sukrosi oktasulfeti. Baada ya wiki 20, vidonda vilifunga kwa asilimia 48 ya walioitumia, na asilimia 30 ya waliotumia bandeji isiyo na dawa hiyo. Mwaka huohuo, Uingereza, Denmark na Sweden zilionyesha faida ya kiraka kinachotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Ipo pia mashine ya kunyonya majimaji, inayofaa zaidi kidonda kilichobaki baada ya upasuaji. Katika tafiti hizo za 2018, makundi yote mawili, waliopewa tiba mpya na wasiopewa, yalisafishwa vidonda na kupunguziwa uzito mguuni. Bandeji ilikuja juu ya msingi huo.

Nawasihi ndugu zangu, unga wa kapsuli usimwagwe kidondani. Asali pia, pamoja na sifa zake zote, mwongozo huo hauishauri kwa vidonda hivi. Na mvuvi mwenye kidonda asiingie majini kuvuta nyavu, kwani maji ya ziwa yana bakteria wanaoweza kuleta maambukizi makali.

Pima maendeleo kwa jicho: baada ya wiki 4 za tiba nzuri, kidonda kiwe kimepungua kwa karibu nusu. Kisipopungua, mwombe daktari aangalie upya damu, mfupa na namna unavyokanyaga.

Ukiona weusi, harufu mbaya, wekundu unaopanda au homa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure hapa Mwanza siku hiyohiyo. Aliyeko Ukerewe aanzie hospitali ya Nansio.