Umebadilisha taa za gari? Soma hii kabla trafiki hajakusimamisha

Kila wiki hapa chuoni Tanga naulizwa swali hilihili, wengine darasani, wengine wananisimamisha hukohuko Ngamiani nimebeba samaki wangu, "mwalimu eti kufunga taa za LED ni kosa?" Mimi nafundisha umeme wa magari na jibu langu ni moja, kubadilisha taa peke yake siyo kosa, kosa ni taa inayompiga mwenzako machoni, au yenye rangi isiyotakiwa, au iliyofungwa hovyo hadi gari yenyewe ikawa hatari.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayotumia ni ya mwaka 1973, wakati ule nani aliijua balbu ya LED kwenye gari? Kwa hiyo usitegemee kukuta humo jina la balbu uliyonunua. Inachotaka ni gari iliyo nzima, isiyohatarisha watu wengine, na trafiki ana mamlaka ya kuisimamisha, kuikagua na kuizuia isitembee mpaka itengenezwe. Ukimwambia "afande mbona zinauzwa dukani" hujamjibu kitu, kuuzwa dukani siyo ruhusa ya barabarani. Rangi nayo iko wazi, mbele ni nyeupe au ya njano, nyekundu mbele haitakiwi kabisa, na vimulimuli vya bluu na nyekundu waachie polisi, zimamoto na ambulansi. Zile spotilaiti ndefu za juu ya bampa ukiwa shambani katikati ya mkonge washa utakavyo, ukiingia lami zima.

Sasa hapa ndipo naomba tuelewane maana watu wengi wanadhani tatizo ni ukali wa mwanga, siyo ukali tu. Chukua balbu ya H4, ile ya miguu mitatu iliyojaa kwenye gari zetu ndogo za Japani, iangalie kwa karibu. Ndani kuna nyaya mbili nyembamba, moja ya fuli, yaani mwanga wa mbali, moja ya dimu, mwanga wa chini wa kupishana, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kile kikombe ndo kinazuia mwanga usiende sehemu ya chini ya rifleketa, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, usipozuiwa pale ungerudi juu moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja mbele. Rifleketa yote imechongwa kufuata ule waya pale ulipo, ukisogea milimita moja tu mwanga unatawanyika. Balbu nyingi za LED za bei rahisi vitaa vyake havikai palepale waya ulipokaa, kwa hiyo wewe unaona barabara imekuwa nyeupe unafurahi, na mwenzako anayetoka Muheza haoni tena ukingo wa barabara. Na Tanga yetu hii ya baiskeli, mzee wa watu anatoka Pongwe magharibi na baiskeli haina hata taa, dereva aliyepofuka sekunde mbili tatu anamwonaje?

Ndo maana Uingereza gari ya taa ya halojeni, yaani hizi balbu za waya kama H4, iliyowekewa balbu ya LED inafelishwa kwenye ukaguzi, na Ujerumani walipoanza kuruhusu balbu hizo mwaka 2020 waliruhusu zilizopimwa tu, tena kwa orodha ya magari maalum, siyo kila gari.

Kuna wanaonunua taa nzima, kioo na rifleketa yake, hiyo ni afadhali lakini angalia imetengenezewa upande gani. Sisi tunaendesha kushoto, dimu inapanda kidogo upande wa kushoto kumulika pembeni ya barabara. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia inapanda kulia, yaani usoni kwa watu. Simama mbele ya taa uiangalie, zile zenye alama ya E ndani ya duara, alama ya kuidhinishwa, kama ni ya kuendesha kushoto utakuta kimshale kinachoelekea mkono wako wa kulia. Kimshale cha pande zote mbili maana yake inafaa kote, na kama haina kimshale chochote ni ya kuendesha kulia, mrudishie muuzaji.

Halafu kuna ile ya kufunga balbu ya halojeni ya wati 100 mahali pa wati 60. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5, wati 100 ni zaidi ya ampea 8, kwenye waya uleule na soketi ileile. Nilishafungua taa ya kijana mmoja anayebeba abiria wa Lushoto, soketi imekuwa kahawia, plastiki imeyeyuka imeshikana na miguu ya balbu, ukivuta inakuja na kipande. Akaniambia "mwalimu mimi nilikuwa sioni kabisa usiku, ningefanyaje?" Na kweli alikuwa haoni, lakini vioo vya taa vilikuwa vimepauka njano kwa jua na waya wa arthi umeliwa na kutu, hapa pwani chumvi haina huruma. Tukasugua vioo kwa msasa laini wa maji, wa 1000 kisha wa 2000, tukapiga polishi, tukasafisha arthi, soketi mpya, balbu ya kawaida ya 60/55, yaani wati 60 fuli na 55 dimu. Akawasha akanyamaza kidogo, akauliza hii balbu kweli ni ileile ya zamani?

Kabla hata ya kununua chochote fanya kipimo hiki usiku, hakina gharama. Tafuta ukuta na sehemu iliyo sawa, gari isiwe na mzigo, tairi zijazwe upepo vizuri, simamisha mita 10 kutoka ukutani, washa dimu. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama kimo hichohicho ukutani. Mstari wa juu wa mwanga ukae kama sentimeta 10 chini ya alama, ukipanda kidogo upande wa kushoto. Ukikuta hakuna mstari wowote, mwanga umemwagika ukuta mzima kama umewasha tochi, basi hiyo balbu itoe, hata kama fundi amekuapia, maana kuna skrubu ya kushusha na kupandisha taa lakini hakuna skrubu ya kurekebisha mwanga uliotawanyika.