Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Chupa Imelala Wapi

Mtu anaponiletea chupa ya mvinyo wa zamani na kuniuliza thamani yake, sianzi na lebo. Huwasha tochi nyuma ya shingo ya chupa na kutazama mvinyo umefika wapi. Katika chupa ya Bordeaux, mvinyo wa eneo la jina hilo nchini Ufaransa, yenye miaka kumi, mvinyo unapaswa kuwa bado shingoni. Katika chupa ya miaka arobaini, si ajabu kuukuta kwenye sehemu ya juu ya bega, pale chupa inapoanza kupanuka chini ya shingo. Ukishuka hadi katikati ya bega, maana yake ni kwamba kizibo kimekuwa kikipitisha hewa, na chupa hiyo, hata ikiwa ya mavuno yanayosifiwa kiasi gani, imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kisha hupitisha kidole juu ya kifuniko kinachofunika kizibo. Kikinata, au nikiona michirizi iliyokauka chini yake, najua kwamba chupa hiyo iliwahi kupata joto, mvinyo ukatanuka na kusukuma kizibo.

Mvinyo huendelea kubadilika ndani ya chupa, na ndiyo sababu mahali ulipohifadhiwa ni sehemu ya bei yake. Unahitaji giza, utulivu, nyuzijoto zipatazo 12 hadi 14 zisizopandapanda, na unyevu wa kutosha hewani ili kizibo kisikauke. Chupa yenyewe hulazwa.

Wiski na konyaki (brandi ya Ufaransa) ni habari nyingine. Vinywaji hivyo huzeeka ndani ya pipa tu: wiski iliyokaa pipani miaka 12 na kutiwa chupani mwaka 1980 ni wiski ya miaka 12 hata leo. Chupa yake husimamishwa, kwa kuwa pombe kali hula kizibo. Kinachopandisha bei ya wiski ni uhaba, na uhaba huo huanzia pipani, maana huko Uskoti takriban asilimia 2 ya pombe hupotea hewani kila mwaka. Pipa nambari 263 la Macallan, kiwanda cha wiski cha Uskoti, lililojazwa mwaka 1926, lilipofunguliwa mwaka 1986 lilitoa chupa 40 tu. Mojawapo iliuzwa mnadani London mwezi Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2.1.

Bei za namna hiyo huwavutia wanunuzi, na huwavutia wadanganyifu pia. Mwaka 2008 mnada mmoja jijini New York ulitangaza chupa za mvinyo wa shamba la Clos Saint-Denis, Ufaransa, za nyumba ya Ponsot, za mavuno ya kuanzia 1945. Laurent Ponsot mwenyewe alisafiri kutoka Ufaransa kwenda kuzuia zisiuzwe, kwa kuwa familia yake ilianza kutengeneza mvinyo wa shamba hilo katika miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa udanganyifu wa kuuza mvinyo bandia na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Nyumbani kwake kulikutwa lebo, mihuri na vizibo. Nalitaja tukio hili kila mara kwa sababu wataalamu wengi walikuwa wamekwisha kuonja mvinyo wake na kuusifu. Ulimi hautoshi kuwa ushahidi.

Maabara husaidia, lakini kwa kiasi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyoanza mwaka 1945, yalitawanya angani sesiamu-137, elementi yenye mionzi, na mionzi yake huweza kupimwa bila kufungua chupa. Ikionekana katika mvinyo unaodaiwa kuwa wa kabla ya 1945, dai hilo ni la uongo. Isipoonekana, bado hujathibitisha kwamba lebo inasema kweli.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Sanduku la mbao ambalo halijafunguliwa, lenye ankara ya kwanza na stakabadhi za ghala la forodha, ambako kodi hailipwi mpaka mzigo utoke, hupata bei nzuri kuliko chupa zilezile zilizopita mikononi mwa watu wasiojulikana. Atakayeweka fedha zake humu akumbuke pia kwamba chupa haitoi riba wala gawio, ilhali ghala, bima na kamisheni ya mnada hulipwa kila mara, na kwamba bei hushuka: baada ya kupanda sana hadi mwaka 2022, soko la mvinyo liliporomoka kwa miaka iliyofuata. Anayehitaji fedha zake ndani ya miaka mitatu namshauri asinunue kabisa.

Niliwahi kukagua masanduku mawili ya mvinyo mmoja, wa mavuno ya mwaka mmoja, katika wiki moja. La kwanza lilikuwa na stakabadhi za ghala tangu lilipotoka kwa mtengenezaji, na niliandika tathmini yake ndani ya saa moja. La pili lilikuwa limekaa miaka kumi na minane karibu na bomba la maji ya moto, na katika chupa zote kumi na mbili mvinyo ulikuwa umeshuka chini ya shingo. Nilimwambia mwenye sanduku hilo ukweli, na nikamshauri asilipeleke mnadani bali azifungue chupa zake na watu anaowapenda, akianza na ile iliyopungua zaidi.