Je, wajua kwa nini rejesta za kanisa huonyesha ndugu wawili wa jina moja?

Mwaka 1810 mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven alimwomba rafiki yake Wegeler amtafutie cheti cha ubatizo huko Bonn, Ujerumani. Alimtahadharisha awe makini: kabla yake alizaliwa Ludwig mwingine, akafariki. Cheti kilionyesha 17 Desemba 1770. Beethoven hakukiamini, maana alijiona mdogo kuliko hapo. Kumbe kilikuwa chake kweli. Kaka yake, Ludwig Maria, alibatizwa Aprili 1769 na hakumaliza hata wiki mbili duniani.

Ikiwa mwenye jina alichanganyikiwa, sembuse kitukuu anayefukua rejesta baada ya miaka 200. Zamani watoto wengi wa Ulaya walifariki wachanga, na jina la babu halikuachwa lipotee: mtoto aliyefuata alipewa lilelile.

Wengi wakiona ubatizo unaolingana na mtu wao hufurahi na kufunga daftari. Mimi nasema kitabu cha maziko ndicho kifunguliwe kwanza, kwa sababu mtoto aliyezikwa akiwa mchanga hawezi kuwa babu ya mtu.

Hapo kuna mtego wa kalenda. Tuseme katika parokia moja ya Uingereza John mwana wa William amebatizwa Juni 1720, John mwingine wa baba huyohuyo akabatizwa 1722, na kuna maziko ya “John mwana wa William” Februari 1720. Utadhani maziko hayo yalitangulia ubatizo wa kwanza, kwa hiyo hayamhusu. Lakini Waingereza wakati huo walianza mwaka tarehe 25 Machi, hadi sheria ilipobadilika na mwaka 1752 ukaanza Januari mosi. Februari hiyo ilikuja baada ya Juni. Kwetu sisi ni Februari 1721. Basi huenda aliyezikwa ni John wa kwanza, na wa 1722 ndiye wa kumfuatilia.

Binamu ndio wasumbufu zaidi. Ndugu wawili wa parokia moja, kila mmoja akimwita mwanawe kwa jina la babu, na karani ameandika jina la baba tu! Kuanzia 1813 fomu za ubatizo za Kanisa la Uingereza zilikuwa na nafasi ya jina la mama, makazi na kazi ya baba, na zile za maziko zikaweka umri. Kwa Wakatoliki, wasimamizi wa ubatizo husaidia sana, kwani mara nyingi walikuwa ndugu wa baba au wa mama wa mtoto.

Usipopata maziko, usimuue mtoto wa kwanza kwa kukisia. Kuna familia zilizolea wote wawili, na wosia wa baba ukawataja kama John mkubwa na John mdogo.