Karatasi ya peremende iliyozikwa Warsaw

Watu wakisikia nahifadhi nyaraka hudhani nashinda na hati za wafalme. Kumbe siku nyingi napambana na maji, kutu na kuvu. Ndiyo maana nikifundisha, mfano wangu wa kwanza ni Taasisi ya Historia ya Wayahudi, mtaa wa Tłomackie, Warsaw. Ukiingia ukumbini, tazama sakafu kabla ya makabati ya vioo: bado ina alama za moto wa Mei 1943, Wajerumani walipolipua Sinagogi Kuu iliyokuwa jirani.

Hazina ya pale ni nyaraka za kikundi cha siri kilichojiita Oneg Shabat, yaani furaha ya Sabato, kwa kuwa kilikutana Jumamosi. Kiongozi wake alikuwa mwanahistoria Emanuel Ringelblum, ndani ya geto ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi zaidi ya 400,000. Kikundi kilikusanya ushuhuda, shajara na magazeti ya siri, na pia tiketi za tramu, kadi za mgawo wa chakula, insha za wanafunzi, hata karatasi za kufungia peremende. Karani wa masjala angezitupa hizo bila kufikiri mara mbili. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo akili ya Ringelblum. Muuaji naye huandika ripoti zake, tena kwa mpangilio mzuri, lakini peremende ya mtoto wa geto haimo humo.

Agosti 1942, treni zikiwapeleka watu kuuawa Treblinka, mwalimu Israel Lichtensztajn na vijana wawili walizika masanduku 10 ya bati chini ya shule iliyokuwa Nowolipki 68. Mmoja wa vijana hao, Dawid Graber, alikuwa na miaka 19. Katika wasia wake aliandika kwamba yale waliyoshindwa kuupigia ulimwengu kelele, wameyafukia ardhini. Februari 1943 zikafuata keni mbili za maziwa, zile za chuma zenye mfuniko.

Masanduku yalifukuliwa Septemba 1946 kwa msaada wa Hersz Wasser, mmoja wa watu watatu tu wa kikundi walionusurika. Maji yalikuwa yameshaingia: karatasi zimegandana, zimeota kuvu, wino umechujuka. Keni zilionekana Desemba 1950, na zilizokuwemo zilikuwa na hali njema zaidi ingawa zilikaa ardhini muda mrefu zaidi. Chombo kilichotengenezwa ili maziwa yasivuje hakiruhusu maji kupenya ovyo.

Jambo jingine ni kalamu. Wino mwingi huyeyuka majini, penseli haiyeyuki. (Wanafunzi wangu hucheka ninapojaza fomu kwa penseli. Sasa mnajua.) Karibu kurasa 35,000 zimebaki, na nyingi zina madoa. Kuna wanaouliza kwa nini zisisafishwe ziwe nyeupe. Mimi nisingethubutu, maana doa lile nalo ni ushahidi wa mahali zilipokaa.

Inaaminika fungu la tatu la nyaraka hizo lilizikwa Aprili 1943 mtaa wa Świętojerska, na hadi leo halijapatikana. Fundi ujenzi akiligonga kesho kwa sururu, namwomba jambo moja: asizianike karatasi hizo juani. Azifunge zikiwa na unyevu wake, zigandishwe kwenye friza, halafu awaite wenye kazi yao.